Kutoka Utoto Hadi Balehe: Historia ya Malezi ya Vijana Wenye Usonji Baada ya Mwaka 1943

Usonji uliingia katika taaluma ya tiba ukiwa na jina la utoto. Leo Kanner, daktari wa magonjwa ya akili ya watoto katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, aliwaeleza mwaka 1943 watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3, waliojitenga na watu na kung'ang'ania mazingira yasiyobadilika. Hali hiyo ikaitwa usonji wa utotoni. Jina hilo lilidumu. Mwongozo wa uainishaji wa magonjwa ya akili uliotolewa nchini Marekani mwaka 1980 ulilibakiza, na kwa mtu aliyekua na kupoteza baadhi ya dalili ulitumia istilahi yenye maana ya hali ya mabaki. Ilikuwa hadi mwaka 1987 ndipo neno la utoto lilipoondolewa. Suala hili si la msamiati pekee. Taaluma iliyomwona mwenye usonji kuwa mtoto wa kudumu haikuwa na sababu ya kujiuliza nini kitatokea atakapoota ndevu au atakapoanza kupata hedhi.

Swali la ujana lilipoulizwa, liliulizwa kwanza kwa njia ya ubashiri. Leon Eisenberg, mwanafunzi na mshirika wa Kanner, alichapisha mwaka 1956 makala kuhusu watoto 63 waliokwisha kufikia umri wa ujana. Kati yao, waliokuwa na hali nzuri au ya wastani walizidi robo kidogo tu. Eisenberg alibaini pia kwamba aliyekuwa na usemi wenye manufaa alipotimiza miaka 5 alikuwa na matumaini makubwa zaidi kuliko asiyekuwa nao. Matokeo hayo yalinukuliwa kwa miaka mingi, na kwa haki, kwa kuwa yalikuwa miongoni mwa matokeo ya mwanzo ya kuaminika. Hata hivyo, kumwambia mzazi mwanawe ataishia wapi ni jambo moja; kumwonyesha namna ya kuishi naye mwaka huu ni jambo jingine.

Mfano bora wa msaada katika kipindi hicho haukutoka hospitalini. Mtoto wa kwanza katika orodha ya Kanner, Donald Triplett wa Forest, Mississippi, alipelekwa mwaka 1942, akiwa na umri wa miaka 9, kuishi na mume na mke waliokuwa wakulima karibu na mji wake. Kanner alipokwenda kumwona mwaka 1945 alistaajabia busara yao. Mtoto alipozama katika kupima vitu, walimpa kazi ya kuchimba kisima na kutoa taarifa ya kina chake. Alipookota ndege waliokufa, walimtengea mahali pa makaburi aweke alama. Alipohesabu mistari ya mahindi bila kukoma, walimwacha aihesabu huku akilima. Wakulima hao hawakupambana na tabia, waliipa kazi. Donald alihitimu chuo mwaka 1958, akafanya kazi benki, na akaishi hadi mwaka 2023. Katika ufuatiliaji aliouchapisha mwaka 1971, Kanner alionyesha kwamba wale waliofungiwa katika taasisi kubwa za serikali walidumaa. Inafaa kukumbuka, hata hivyo, kwamba familia ya Donald ilikuwa na mali, na mali hununua muda wa kutafuta.

Mwaka 1972 Kanner na wenzake waliongeza jambo muhimu zaidi kwa mada hii. Wakichunguza wagonjwa wao 96 wa zamani, waliona kwamba wachache waliofanikiwa katika maisha ya kijamii walipitia badiliko katikati ya ujana: walianza kutambua, kwa uchungu, kuwa wao si kama wenzao, na wakajitahidi kwa makusudi kurekebisha hali hiyo. Kwa hiyo balehe haikuleta mabadiliko ya mwili peke yake; ilileta pia kujitambua. Temple Grandin, ambaye kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1986, ameeleza jambo hilo kutoka upande wa ndani: hofu kali zilimwanza alipobalehe, na akiwa na miaka 18 alijiundia mashine ya kumbana mwili ili atulie.

Wakati huohuo familia zilibebeshwa lawama. Bruno Bettelheim, katika kitabu chake cha mwaka 1967, alihusisha usonji na ubaridi wa wazazi, hasa mama. Mama aliyetuhumiwa kumharibu mwanawe hakuwa na nafasi ya kuomba ushauri kuhusu pedi. Nadharia hiyo ilidhoofishwa na wazazi wenyewe, akiwamo Bernard Rimland aliyechapisha hoja zake mwaka 1964, na kwa sehemu ilidhoofishwa na ujana wenyewe: Michael Rutter na wenzake mjini London walipowafuatilia watoto hadi ukubwani, waliona baadhi yao wakipata kifafa kwa mara ya kwanza katika umri wa balehe. Kifafa hakiletwi na mama asiyekumbatia.

Shule nazo zilikuta wanafunzi wake wanakua. Sybil Elgar, aliyeongoza shule ya watoto wenye usonji iliyoanzishwa na chama cha wazazi huko Ealing, London, mwaka 1965, alilazimika kutafuta mahali pa wale waliopita umri wa shule. Mwaka 1974 kikafunguliwa kituo cha makazi cha Somerset Court.

Suala gumu kuliko yote lilikuwa uzazi. Tangu Mahakama Kuu ya Marekani ilipoidhinisha sheria ya Virginia mwaka 1927, maelfu ya watu walioitwa punguani walifungwa kizazi kwa nguvu ya dola. Katika miaka ya 1980 ombi lilitoka kwa wazazi na walezi. Nchini Kanada, mama mmoja aliomba binti yake, aliyepewa jina la Eve mahakamani, afungwe kizazi. Binti huyo alikuwa na ulemavu wa akili, si usonji, lakini hofu ya mama ndiyo ileile: akipata mimba, nani atamlea mtoto? Mwaka 1986 Mahakama ya Juu ilikataa, ikisema upasuaji usio wa tiba hauwezi kuidhinishwa bila ridhaa ya mhusika. Mwaka uliofuata, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliruhusu upasuaji huo kwa msichana wa miaka 17. Hofu ya mama wa Eve haikuwa ya kubuni, na hukumu iliyolinda mwili wa binti haikumpatia mama huyo msaidizi hata mmoja.

Njia mbadala ilikuwa elimu. Mwaka 1983 Eric Schopler na Gary Mesibov wa North Carolina walihariri kitabu kuhusu vijana na watu wazima wenye usonji. Ndani yake shule ya Benhaven ya Connecticut ilieleza jinsi ilivyofundisha masuala ya jinsia. Katika mkondo huo wa mafunzo, jambo huvunjwa katika hatua ndogo, huonyeshwa kwa picha, na mipaka hutajwa waziwazi: mwili huu ni wako, kitendo hiki ni cha chumbani mlango ukiwa umefungwa, huyu anaruhusiwa kukusaidia kuoga na yule haruhusiwi.

Afrika Mashariki ilihusishwa mapema kuliko inavyodhaniwa: Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi sita za Afrika ambazo Victor Lotter alitafuta watoto wenye usonji, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1978. Baadaye Kenya (2008) na Tanzania (2009) ziliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Ibara yake ya 23 inalinda uwezo wa uzazi wa watu wenye ulemavu, watoto wakiwamo. Lakini mwambao na bara zilikuwa na shule zake za balehe kabla ya mikataba. Katika jando na unyago, kungwi au somo humfunda mwali kwa nyimbo, ngoma na mafumbo. Utaratibu huo una nguvu kubwa: una mwalimu maalumu, una wakati wake, na haumwachii mama mzigo peke yake. Udhaifu wake kwa kijana mwenye usonji umo katika lugha. Msichana anayepokea maneno kama yalivyo, akiambiwa amevunja ungo, ataweza kwenda jikoni kuutafuta ungo uliovunjika. Kwake somo angelazimika kuliacha fumbo na kutaja damu kwa jina lake, kuionyesha kwenye kitambaa, kueleza kuwa si jeraha na kwamba itakoma baada ya siku chache, na kuanza kufundisha hayo miezi mingi kabla damu haijaonekana.