Printa imegoma? Safisha foleni kabla ya kumwita fundi

Inapokaribia tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za KRA, saiba hujaa watu, na ndipo printa hugoma. Kwa mwenye saiba Ngoliba, kule mashariki ya Thika, kumfuata fundi ni nauli ya matatu kwenda na kurudi mjini, na mteja hangoji. Wa Kisauni ana mafundi karibu, lakini naye atalipia kazi ya dakika tano.

Mara nyingi printa yenyewe ni nzima. Ukibonyeza kuchapisha, waraka hauendi moja kwa moja kwenye printa. Windows huuandika kwanza kama faili ndani ya diski, kisha huduma iitwayo Print Spooler huzipeleka faili hizo kwa zamu. Huyu spula ni karani wa foleni. Waraka mmoja ukiharibika, zote zilizo nyuma yake hukwama, na ukijaribu kuufuta hubaki umeandikwa "Deleting" mchana kutwa.

Wengi hapo hubonyeza tena na tena. Foleni ikifunguka, nakala kumi hutoka, na wino ni wa mwenye duka. Lakini hasara ya wino si kitu mbele ya hii: foleni ile imebeba karatasi za kila aliyepita. Kitambulisho cha mama wa asubuhi au hati ya shamba ya mzee wa jana hujichapa mbele ya mgeni. Kwa hiyo safisha kwanza, uchapishe baadaye.

Zima printa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika services.msc, tafuta Print Spooler, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya na uchague Stop. Fungua folda C:\Windows\System32\spool\PRINTERS na ufute faili zote zilizomo. Folda yenyewe iache. Rudi kwenye Print Spooler uchague Start, washa printa, ujaribu ukurasa mmoja. Anayependa kuandika amri atumie net stop spooler na net start spooler, akiwa na haki za msimamizi wa kompyuta.

Ikiwa waraka hautoki ilhali foleni ni safi, tazama waya. Ukihamisha waya wa USB kutoka tundu moja hadi jingine, Windows huweza kuunda printa ya pili yenye jina lile lile na "Copy 1" mwishoni, huku kazi zako zikiendelea kutumwa kwa ile ya kwanza iliyoandikwa "Offline". Chagua iliyo hai.

Spula ikizimika kila unapoiwasha, mshukiwa ni draiva. Iondoe printa kwenye orodha, andika printui /s /t2 pale pale ulipoandika services.msc, na ufute draiva pamoja na kifurushi chake. Mpya ichukue kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza printa, kwa namba kamili ya modeli. Tovuti za "draiva za bure" ziepuke kabisa.

Tahadhari hiyo ina sababu. Mwaka 2021 ufa ulioitwa PrintNightmare uligunduliwa ndani ya spula, uliomwezesha mdukuzi kuitawala kompyuta. Tarehe 6 Julai Microsoft ilianza kutoa masasisho ya dharura, hata kwa Windows 7 iliyokwisha kustaafishwa. Tangu Agosti mwaka huo, kuweka draiva ya printa kunahitaji haki za msimamizi. Ndiyo maana kijana wa zamu huulizwa nywila. Usimpe akaunti ya msimamizi ili tu kurahisisha mambo. Muwekee draiva wewe mwenyewe.

Kompyuta isiyochapisha kamwe, spula yake izime. Na katika sifa za printa, chini ya Advanced, hakikisha "Keep printed documents" haina alama ya tiki, la sivyo kila waraka wa mteja utabaki kwenye diski hata baada ya kulipwa na kuondoka nao.