Ukaguzi wa Meli za Mto Mississippi

Msomaji, huenda umepata kusafiri kwa meli ukaona ukutani hati yenye muhuri wa serikali, isemayo kwamba chombo kilikaguliwa tarehe fulani, nacho kinafaa kuchukua abiria kadha wa kadha. Wengi huipita bila kuisoma. Nataka kukusimulia habari za hati ya namna hiyo huko Marekani, katika mto Mississippi na mito iingiayo ndani yake.

Meli ya kwanza ya mvuke ilianza kuushuka mto huo mwaka 1811, na baadaye zikawa nyingi, zikishindania abiria kwa mbio. Nguvu zake zilitoka katika boila, yaani mapipa makubwa ya chuma ambamo maji yalichemshwa yakawa mvuke. Maji hayo yalitekwa mtoni pamoja na tope lake. Tope likituama chini ya boila, chuma kilipata moto kupita kiasi, kikadhoofika. Na siku moja kilipasuka. Tarehe 25 Aprili 1838 boila za meli Moselle zilipasuka mjini Cincinnati, kando ya mto Ohio, zikaua watu zaidi ya mia. Tarehe 7 Julai mwaka huo huo sheria ya kwanza ya ukaguzi ilitiwa sahihi.

Sheria hiyo iliweka kalenda: boila zikaguliwe kila miezi 6, na mwili wa meli kila miezi 12. Lakini haikueleza mkaguzi apime nini, wala kwa njia gani. Tena hakuwa na mshahara: kwa kila ukaguzi alilipwa dola 5 na mwenye meli. Je, wewe ungekuwa mkali kwa mtu akupaye posho? Meli zikazidi kupasuka, zikiwa na hati zake ukutani.

Mwaka 1852 ikatungwa sheria bora. Sasa boila ilijazwa maji baridi, yakasukumwa ndani kwa nguvu kuliko ile ya mvuke wa kawaida, ili kama kuna ufa uonekane bila kuua mtu. Mafundi wa mitambo na marubani wakapaswa kuwa na leseni. Kwa hakika ilikuwa kazi njema. Hata hivyo, kati ya ukaguzi mmoja na mwingine, usalama wa meli ulikuwa mikononi mwa nahodha wake na mafundi wake.

Hapo ndipo ilipoingia meli Sultana. Ilikaguliwa St. Louis mnamo Aprili 1865, ikapewa hati. Idadi yake halali ilikuwa watu 376. Mwezi huo huo ikafika Vicksburg, boila yake moja ikivuja. Fundi aliyeitwa alitaka kazi kubwa ifanywe. Lakini vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vinakwisha, na pale mjini palikuwa na maelfu ya askari waliofunguliwa kutoka kambi za wafungwa, wadhaifu kwa njaa, wakingoja kurudi kwao. Serikali ililipa nauli kwa kila kichwa. Nahodha hakutaka meli nyingine imtangulie. Basi kikapigwa kiraka cha bamba jembamba kuliko lile la asili, na watu zaidi ya 2,000 wakapakiwa.

Usiku wa manane, tarehe 27 Aprili, maili chache juu ya Memphis, boila tatu kati ya nne zilipasuka. Mto ulikuwa umefurika, na maji yake ni ya baridi kali. Walikufa watu zaidi ya 1,100, naye nahodha akiwa miongoni mwao. Kuhusu chanzo, wengine walilaumu kiraka, wengine maji kupungua katika boila, wengine uzito wa watu. Ofisa mmoja wa jeshi alishtakiwa, akaonekana na hatia, kisha hukumu ikatanguliwa. Hati ya Sultana ilikuwa haijatimiza hata mwezi mmoja.