Mtamba na Mkono wa Mfugaji: Utunzaji wa Ng'ombe Bukoba na Muleba

Katika Bukoba na Muleba, ng'ombe wa asili wenye pembe ndefu walichungwa kwenye rweya, yaani nyanda za nyasi zilizo kati ya vijiji, na jioni wakarudishwa nyumbani, ambako samadi yao ilirutubisha kibanja, shamba la migomba linaloizunguka nyumba ya Mhaya. Sotoka, ugonjwa uliofyeka mifugo ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, ilipunguza vibaya makundi hayo.

Walipoletwa baadaye mitamba chotara wa maziwa, waliofugwa bandani na kukatiwa majani, utunzaji ulibadilika kabisa, kwa kuwa ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, huwaua chotara kwa urahisi zaidi kuliko ng'ombe wa asili, na hivyo kuwanyunyizia dawa mara kwa mara kukawa sharti la uhai wao. Hapo utulivu wa mnyama ulipata thamani mpya, maana mtamba anayeogopa bomba hurusha mateke, na dawa haifiki masikioni wala chini ya mkia, mahali kupe wapendapo kujificha. Mfugaji makini, ambaye subira yake ni utaalamu kamili, humsugua mtamba shingo na mgongo kila siku, humwita kwa sauti ileile, na humnyunyizia maji matupu kabla ya kumzoesha dawa.