Punda akikukimbia, usimkimbize

Kwenye vijiji vingi vya Kishapu na Shinyanga Vijijini kuna kazi ya asubuhi inayotangulia zote: kumkamata punda. Madumu yapo, mkokoteni upo, ila punda mwenyewe amesimama upande wa pili wa uwanja anawatazama. Watoto wanatumwa na fimbo, wanamzunguka, anapenya katikati yao. Nusu saa imekwenda na maji hayajachotwa.

Kwa kijana anayeishi kwa kusomba maji, au mizigo ya wachimbaji wadogo huko Geita, nusu saa hiyo ni hela. Na kumbadilisha punda si rahisi kama zamani. Biashara ya ngozi zinazopelekwa China kutengenezea dawa iitwayo ejiao iliwamaliza punda wengi, na Shinyanga yenyewe ilikuwa na machinjio ya punda. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2022, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakaizuia biashara hiyo barani kote. Lakini punda jike hubeba mimba takribani mwaka mzima na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu, kwa hiyo idadi hairudi haraka. Uliyenaye ndiye huyo huyo.

Sasa kwa nini anakimbia? Wengi husema ni ubishi. Ukweli ni kwamba punda ana kumbukumbu nzuri. Kama kila akishikwa kinachofuata ni mzigo na fimbo, ameshajifunza kwamba binadamu mwenye kamba ni wa kukwepwa. Wasukuma wanajua sana kufundisha maksai, na wengi humfundisha punda kwa njia ile ile. Hapo ndipo mambo huharibika. Punda akiogopa mara nyingi hugandaa kwanza, apime hatari. Ukimchapa akiwa ameganda, umemthibitishia kwamba hatari ni wewe.

Kabla ya mafunzo, mkague. Vidonda vya mgongoni na kwapani, kwato zilizorefuka, mdomo uliochubuka: punda mwenye maumivu hakimbii mtu, anakimbia maumivu. Huyo anahitaji afisa mifugo wa kata na mapumziko, basi.

Akiwa mzima, anza ndani ya zizi au uwanja mdogo wenye uzio wa minyaa, mahali asipoweza kutokomea. Siku za mwanzo usimshike kabisa. Ingia, kaa chini, fanya shughuli zako, toka. Akizoea, msogelee taratibu kutokea upande wa bega. Usije moja kwa moja usoni wala nyuma, kwa sababu hapo haoni vizuri, na nyuma ndiko mateke yaliko.

Siri kubwa iko hapa: akigeuza sikio au jicho kwako na kutulia, simama, kisha rudi nyuma hatua mbili. Wengi hufanya kinyume, wakiona ametulia wanaruka kumkamata. Kuondoka kwako ndiyo zawadi yake. Anaelewa kwamba akitulia presha inaisha, na baada ya muda yeye ndiye atakayekufuata.

Ukifika begani, mkune pale na chini ya shingo. Kiganja cha pumba kinasaidia, ila kisiwe ndiyo mtego wa kila siku, punda si mjinga. Kisha mvishe kamba shingoni na uivue hapo hapo. Rudia. Mshike, mkune, mwachie aende zake bila kazi yoyote, mara nyingi kuliko unavyodhani inatosha.

Kuongoza nako ni hivyo hivyo. Vuta kamba kidogo, subiri, akipiga hatua moja legeza papo hapo. Tumia hatamu ya kitambaa au kamba laini. Nailoni inakata ngozi. Mtu awe mmoja, mwito uwe mmoja, na watoto waache kumrushia mawe. Kama ana mwenzake wanayependana, mshike mwenzake kwanza. Wengine huchukua siku chache, wengine wiki kadhaa.

Wapo wafugaji wanaosema bora punda mwoga, maana mwizi hamkamati. Hoja hiyo ina mantiki kidogo, ila mwizi wa usiku huja na wenzake na kamba, hamwiti kwa jina. Zizi lililofungwa karibu na nyumba linamlinda zaidi kuliko woga.

Kuhusu fimbo, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, ikiwemo kumpiga kikatili na kumbebesha kupita uwezo wake. Na siku atakapokubali kushikwa kwa mara ya kwanza, usimfunge mkokoteni siku hiyo. Mwache hadi kesho yake, na uanze na madumu mawili matupu.