Miaka Mitatu kwa Kijitabu Kimoja

Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla alikuwa kijana wa miaka 22, akifanya kazi ya hesabu katika Baraza la Manispaa ya Mombasa. Alikuwa mfuasi wa Kenya People's Union, KPU, chama alichokianzisha Jaramogi Oginga Odinga mwaka 1966 baada ya kufarakana na Rais Jomo Kenyatta. Mwaka huo wa 1968 ulifika uchaguzi wa serikali za mitaa, na wagombea wa KPU nchi nzima wakaenguliwa kwa madai kwamba hati zao hazikujazwa sawasawa. Za KANU, chama tawala, zikapita.

Abdilatif akaandika kijitabu, akakiita Kenya: Twendapi? Kilisambazwa kwa siri. Kiliwashutumu watawala kwa udikteta, kikaonya kwamba serikali ikiwazibia watu njia ya kura, itakuwa imewasukuma kwenye njia ya nguvu. Maneno yalikuwa makali, na hapana haja ya kuyapaka sukari. Aliyekuwa madarakani miaka mitano tu baada ya uhuru angeweza kuudhika, hata kuogopa. Lakini hoja ya kijitabu ilikuwa na jibu jepesi: hati zile zingefunguliwa hadharani, wananchi wakaona wenyewe kasoro ilikuwa wapi.

Serikali ilichagua mahakama. Abdilatif alikamatwa Desemba 1968, akashtakiwa kwa uchochezi. Sheria iliyomtia hatiani ilikuwa urithi wa Waingereza, waliokuwa wameitumia kuwanyamazisha wapinzani wao. Kenya huru iliipokea ikaiweka kabatini, tayari kwa matumizi. Machi 1969 alihukumiwa miezi 18. Mwanasheria Mkuu hakuridhika, akakata rufaa, na kifungo kikaongezwa hadi miaka mitatu. Hatua hii ya pili ndiyo inayoniuma zaidi. Hukumu ya kwanza ilikwisha kumweka kijana ndani na kukifanya kijitabu kuwa haramu. Kilichoongezwa hapo ni ghadhabu.

Mji wa Mombasa, alikotoka kijana huyo, ulikuwa na mazoea mengine ya kujibu maneno makali. Atokaye Makadara kwa miguu kuelekea Ngomeni hupita pembezoni mwa mitaa iliyosikia tungo za Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita, yaani Mombasa, wa zama za watawala wa ukoo wa Mazrui. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mombasa na Lamu zilipohasimiana, Muyaka alirusha beti za kejeli na vitisho, na kutoka Lamu Zahidi Mngumi naye akajibu kwa beti. Kujibizana kule kulikuwa na masharti yake: jibu lizingatie vina na mizani, na fumbo lifumbuliwe kwa fumbo, la sivyo msikilizaji wa barazani angejua nani kazidiwa. Mashairi hayakuzuia vita. Watu wa Mombasa walikwenda Shela, kisiwani Lamu, na wakashindwa vibaya, takriban mwaka 1812. Wala Mazrui hawakuwa watawala wapole. Hata hivyo tungo zile kali zilibaki midomoni mwa watu, na mwishoni mwa karne Mwalimu Sikujua bin Abdallah akamsaidia Mwingereza W. E. Taylor kuziandika, ndiyo sababu tunazo mpaka leo.

Abdilatif alikuwa mtoto wa mapokeo hayo. Nduguye, Ahmad Nassir Juma Bhalo, ni miongoni mwa malenga wakubwa wa Mombasa. Abdilatif alipofungwa katika gereza la Kamiti, kwa muda mrefu akiwa peke yake, alifanya ambacho mtu wa Mvita angekifanya akichokozwa: alitunga. Aliandika kwa siri kwenye karatasi za chooni, kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa, kwa vina kamili. Katika "Mamba" anamtazama mnyama anayejivunia nguvu zake kana kwamba hatakufa. Katika "Siwati" anatangaza kwamba haachi msimamo wake. Ndani ya beti hizo hamna ombi la msamaha, na sidhani angepaswa kuliomba. Msamaha ulikuwa wa dola kuutoa, maana ndiyo iliyokuwa na funguo za jela.

Alitoka Machi 1972, baada ya kutumikia miaka mitatu, akahamia Tanzania na kufanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tungo za gerezani zilichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka 1974 kitabu hicho kilipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Yaani tuzo yenye jina la rais aliyeshutumiwa ilikwenda kwa mashairi yaliyotungwa katika jela za serikali yake. Waamuzi wa fasihi walikuwa na ujasiri, na wanastahili heshima. Lakini tuzo haifuti hukumu, wala haimrudishii mtu miaka yake.

Vifungu vya uchochezi vilifutwa katika sheria za Kenya mwaka 1997, katika mageuzi yaliyofanywa kabla ya uchaguzi mkuu. Miaka ishirini baadaye, Februari 2017, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kumfunga mtu jela kwa kosa la kashfa, kosa jingine la maneno, ni kinyume cha Katiba, kwa kuwa aliyekashifiwa anaweza kudai fidia kwa kesi ya madai. Uchochezi ulipofutwa, Abdilatif alikuwa Leipzig, Ujerumani, akiwafundisha Kiswahili wanafunzi wa chuo kikuu.