Matope ya Miaka Arobaini

Jengo kubwa aghalabu huwa na jina la aliyelijenga. Jina la aliyelifagia ni nadra kulikuta. Katika miaka yangu ya ukuu wa shule nilihudhuria sherehe kadhaa za kuzindua matangi ya maji ya mvua, zenye hotuba na ngoma. Sikualikwa hata mara moja kwenye sherehe ya kusafisha tangi. Ndiyo maana nilivutiwa sana niliposoma habari za bwawa moja la hekalu kusini mwa India, ambalo kuoshwa kwake kumefungamanishwa na ibada.

Bwawa hilo huitwa Anantha Saras, nalo limo katika ua wa hekalu la Varadaraja Perumal, hekalu la mungu Vishnu, mjini Kanchipuram katika jimbo la Tamil Nadu. Katika nchi ya Watamil, hekalu kubwa na bwawa ni pacha. Muumini hushuka ngazi za mawe akaoga au akajinyunyizia maji kabla ya kuabudu, kama Mwislamu wa pwani yetu atawadhavyo kwenye birika la msikiti. Lakini mabwawa ya namna hiyo yana kazi nyingine pia. Maji ya mvua huingia kwa mifereji kutoka mapaa na nyua za jirani, kisha hupenya ardhini polepole na kuvilisha visima vya mtaa. Bwawa likiwa zima, hata asiyeabudu pale hufaidika.

Adui wa bwawa ni matope. Kila mvua huleta udongo wake; waumini nao huleta maua, samli na mafuta ya taa za ibada, na siku hizi plastiki. Udongo ukirundikana, kina hupungua na maji huoza. Mifereji ikizibwa na nyumba na barabara, bwawa hugeuka shimo kavu lenye ngazi nzuri. Hakuna anayeliua kwa siku moja. Hufa kwa kuachwa.

Sasa tutazame desturi ya Anantha Saras. Chini ya kibanda cha mawe chenye nguzo nne, ndani ya maji, imelazwa sanamu ya Vishnu iliyochongwa kwa mti wa jamii ya mkuyu. Waumini humwita Athi Varadar. Kwa desturi, kila baada ya miaka 40 maji huondolewa, sanamu ikatolewa, ikaabudiwa kwa siku 48, kisha ikarudishwa majini. Ilitolewa mwaka 1979, na tena kuanzia Julai 1 hadi Agosti 17, 2019. Safari hiyo ililazwa siku 31 za mwanzo na kusimamishwa siku 17 zilizobaki. Waliokwenda kuitazama walikadiriwa kupita milioni 10.

Mimi si Mhindu, wala sina la kusema juu ya utakatifu wa sanamu ile. Ninachokiona ni hiki: haitoki bila bwawa kukaushwa, na bwawa likikaushwa matope yote huwa hadharani. Imani imeipa kazi ya usafi tarehe ambayo hakuna mkubwa awezaye kuiahirisha kwa kisingizio cha bajeti. Mwaka 2019 suala la matope na usafi wa maji ya kujazia lilifikishwa hadi Mahakama Kuu ya Madras.

Hata hivyo, miaka 40 ni mingi. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1979 alikuwa na 60 safari ya pili, na ya tatu, mwaka 2059, itamkuta na miaka 100 kama atajaliwa. Je, katikati ya hapo nani hushika koleo?

Jibu moja la kale lipo umbali wa kilomita kama 30 tu, katika kijiji cha Uttaramerur. Kwenye kuta za mawe pale kuna maandishi ya mwanzoni mwa karne ya 10, enzi za mfalme Parantaka wa Kwanza wa ukoo wa Chola. Yanaeleza jinsi baraza la kijiji lilivyochagua kamati zake, mojawapo ikiwa ya malambo ya kumwagilia mashamba. Majina yaliandikwa kwenye vipande vya majani ya mti wa jamii ya mtende na kutiwa chunguni, na mtoto mdogo akayachomoa. Mjumbe alihudumu mwaka mmoja. Ilimpasa awe na umri kati ya miaka 35 na 70, kwa hiyo mimi nisingefaa. Aliyewahi kuhudumu asitoe hesabu alizuiwa, yeye na jamaa zake. Haukuwa usawa wa watu wote, maana asiye na ardhi hakuingizwa chunguni. Lakini kila mwaka palikuwa na mtu wa kuulizwa.

Baadaye dhamana ilihama. Sheria ya Waingereza ya mwaka 1817 iliweka mali za mahekalu ya Madras chini ya uangalizi wa serikali. Ile ya 1863 iliwarudishia wadhamini. Na ya 1959 iliimarisha mamlaka ya idara ya jimbo. Ofisi ina faida zake, kwani huweza kumdai hesabu mdhamini mlafi. Ila afisa huhamishwa, na matope hayahamishwi.

Juni 2019, wiki chache tu kabla ya sanamu kutolewa, mabwawa makuu manne yanayoulisha mji wa Chennai, kilomita 70 hivi kutoka Kanchipuram, yalikuwa karibu makavu. Watu walipanga foleni za ndoo wakisubiri magari ya maji. Mvua zilikuwa haba, ni kweli. Lakini pia maziwa na ardhi oevu za zamani zilikuwa zimejengwa nyumba.

Naona basi kwamba bwawa linahitaji yote mawili: tarehe kuu ya kuwakusanya mamilioni, na mtu wa mwaka huu mwenye koleo na daftari. Tarehe bila mtu huleta umati. Mtu bila tarehe husahauliwa. Atakayeitoa sanamu mwaka 2059 huenda leo ni mtoto anayeketi kwenye ngazi zile. Ni vizuri aonyeshwe mapema mfereji unaanzia wapi.