Mkanda wa Sumaku

Mara ya kwanza kuvaa sumaku mwilini nilikuwa Kibondo. Nilitoka Kasulu alfajiri kwa kazi ya gazeti, nikamaliza mahojiano mapema, nikasema ngoja nikawaone vijana wa karate wa pale. Mtu aliyewahi kufunga mkanda wa karate hafiki mji mgeni bila kuulizia wanapofanyia mazoezi. Nikapokelewa kwa "Mwakeye", nikavua viatu, nikaingia kwenye mstari. Dakika ishirini baadaye nilikuwa chini nimeshika goti. Nilikuwa nageuka kupiga teke la mzunguko, mguu wa kusimamia ukagoma kwenye saruji. Mwili ukaenda, goti likabaki.

Sensei wao, mtu wa makamo mwenye maneno machache, akafungua begi akatoa mkanda mweusi wa kitambaa. Ndani yake zilishonewa duara ndogo ngumu, kama vifungo vya koti.

"Vaa huu, mdogo wangu. Una sumaku. Sumaku inavuta damu, damu inaondoa uvimbe."

"Asante, sensei. Nitaurudisha lini?"

"Ukipona."

Usiku ule nililala vizuri kuliko nilivyotegemea. Baada ya siku kumi nilikuwa natembea bila kuchechemea, na kila aliyeniuliza nilimjibu kwa neno moja tu: sumaku. Sensei nikamtumia pesa, nikaununua ule mkanda. Nikawa mhubiri. Mmoja wa waliosikia mahubiri yangu ni rafiki yangu wa Kasulu, tuliyeanza naye karate tukiwa wanafunzi. Kwa sababu yake naandika makala hii.

Kwanza niseme tulivyofika hapo. Kizazi chetu hakikujifunza mapigano kwenye vitabu. Tulikaa kwenye vibanda vya video, juu ya mabenchi ya mbao, tukimtazama Bruce Lee huku sauti za kina Lufufu zikitutafsiria kila ngumi na kuongezea za kwao. Tukitoka hapo, uwanja wa shule ndiyo Hong Kong. Baadaye tulipata walimu wa kweli, lakini hatukupata sakafu ya kweli. Karate ya milimani kwetu inafanyika kwenye saruji, kwenye udongo mwekundu, kwenye darasa lililosogezwa madawati ukutani. Hakuna magodoro, hakuna daktari wa timu. Kuna dawa ya kuchua ya Kichina ndani ya kikopo kidogo, kuna maji ya moto yenye chumvi, na siku hizi kuna sumaku: bangili, mikanda ya kiuno, soli za viatu. Zinauzwa stendi, zinauzwa na jamaa wa biashara za mtandao wanaokualika kwenye semina, na wapiganaji ni wateja wazuri mno. Mwili wetu unauma kila wiki, na tumekuzwa kuamini kwamba Mashariki ya Mbali kuna siri ambayo hospitali haijui.

Nilipoanza kusoma ili niandike, kilichonishangaza kwanza ni kwamba Mashariki peke yake haihusiki. Ni kweli, vitabu vya kale vya dawa vya Wachina vinalitaja jiwe la sumaku. Lakini tangazo la "sumaku inaponya mwili", kwa namna tunayouziwa sisi, lilipitia pia Ulaya, na huko lilishawahi kushtakiwa na kushindwa kesi zaidi ya miaka 200 iliyopita.

Mwaka 1600 William Gilbert, daktari wa Uingereza, alitoa kitabu kikubwa juu ya sumaku. Wakati huo watu wenye elimu waliamini kwamba ukiipaka sumaku kitunguu saumu inapoteza nguvu. Kila mwandishi alimnakili mwenzake. Gilbert alikuwa mtu wa kujaribu mambo kwa mikono yake, na kwenye jaribio kitunguu hakikufanya lolote. Uongo uliokaa karne nyingi uliondolewa na kitu kilichopo kwenye kila jiko.

Kisha akaja Franz Anton Mesmer. Mwaka 1774, huko Vienna, alimtibu mwanamke mmoja kwa kumwekea sumaku mwilini, na mgonjwa akapata nafuu. Mesmer akaendelea mpaka akaona hata sumaku yenyewe si lazima. Mkono wake unatosha, kwa sababu, alidai, ndani ya viumbe mnapita nguvu isiyoonekana na yeye anajua kuielekeza. Akahamia Paris. Matajiri wakajaa kwake, wakalia, wakazimia, wakaondoka wanasema wamepona. Mwaka 1784 Mfalme Louis wa 16 akaunda tume ichunguze. Mle ndani alikuwemo Benjamin Franklin, mjumbe wa Marekani kule Ufaransa, na Lavoisier, mwanakemia mkubwa.

Tume ilifanya jambo ambalo hata fundi baiskeli wa Kasulu angelielewa. Walimfunga mgonjwa kitambaa machoni. Kijana mmoja wa miaka 12 aliambiwa kuna mti bustanini umetiwa ile nguvu. Akapitishwa mti mmoja baada ya mwingine, akatokwa jasho, akatetemeka, akazimia. Mti aliozimia chini yake haukuwa wenyewe. Wengine walitibiwa bila kujua na hawakuhisi kitu. Wakadanganywa kwamba wanatibiwa, wakahisi kila kitu. Tume ikaamua kwamba ile nguvu haipo. Inayofanya kazi ni fikra ya mgonjwa.

Miaka michache baadaye Mmarekani Elisha Perkins akawa anauza vijiti viwili vya chuma vya kupitisha juu ya sehemu inayouma, na vikavuka bahari hadi Uingereza. Mwaka 1799, mjini Bath, daktari John Haygarth alitengeneza vijiti vya mbao, akavipaka rangi vifanane na vya chuma. Akawajaribu wagonjwa watano wa maumivu ya muda mrefu. Wanne walisema wamepata nafuu. Kesho yake akatumia vijiti halisi. Wanne wakasema wamepata nafuu.

Nilisoma habari hiyo usiku, nikainuka kitandani kwenda kuutafuta mkanda wangu. Nikafumua ushonaji kwa wembe, nikatoa zile duara, nikachukua sindano. Ya kwanza haikuivuta. Ya pili hivyo hivyo. Nikazimaliza zote nane, sindano imelala mezani haina habari. Nilijaribu na pini, nikajaribu na kifuniko cha soda. Hazikuwa sumaku. Sidhani hata sensei alijua; naye alinunua kwa mtu. Nilichovaa Kibondo, nikakisifia mwaka mzima, kilikuwa kitambaa na vyuma butu.

Lakini goti lilipona kweli. Hapo ndipo nilipotaka kuelewa. Nafuu ile haikuwa uongo, ila nilimshukuru asiyehusika. Goti lililoteguka kidogo hupata nafuu lenyewe likipumzishwa, na mimi nilipumzika. Mkanda ulilibana na kulipa joto, na ulinikumbusha kila hatua nisilichezee. Isitoshe, mtu mzima aliyeheshimika alinifunga kwa mkono wake na kuniambia nitapona. Hilo si dogo. Maumivu hupita kwenye ubongo, na ubongo ukitulia, maumivu nayo hupungua sauti.

Sasa, msomaji anaweza kusema: wewe uliuziwa feki, je, sumaku halisi? Swali la haki. Mwaka 1997 watafiti wa Houston, Marekani, waliwajaribu watu 50 waliowahi kuugua polio na kubaki na maumivu. Waliowekewa sumaku halisi, asilimia 76 walisema maumivu yamepungua. Waliowekewa za bandia, asilimia 19. Wauzaji hawachoki kuutaja utafiti huo. Hawataji uliofuata. Mwaka 2003 watu wazima 101 wenye maumivu ya kisigino walipewa soli, wengine zenye sumaku, wengine zisizo nayo. Wiki nane baadaye makundi yote mawili yalikuwa na nafuu ileile. Mwaka 2007 jarida la madaktari wa Kanada likachapisha mapitio ya majaribio mengi kwa pamoja: kwa maumivu kwa ujumla, ushahidi hauungi mkono sumaku. Kwa magonjwa ya viungo vilivyolika hawakufunga mlango kabisa, ila walisema ushahidi hautoshi.

Na ile hoja ya "kuvuta damu"? Damu ina madini ya chuma, hilo kila mwanafunzi wa sekondari analijua. Lakini chuma hicho kimefungwa ndani ya chembechembe kwa namna ambayo sumaku haikidaki kama msumari. Damu iliyojaa oksijeni inasukumwa na sumaku, kidogo sana, badala ya kuvutwa. Fikiria mashine ya MRI. Mgonjwa anaingizwa mzima ndani ya sumaku yenye nguvu mara nyingi kuliko bangili yoyote, analala humo, anatoka, damu haijakimbilia upande wowote. Kama bangili ya stendi ingevuta damu, MRI ingeua.

Nilipofika hapo nilitaka kuwacheka watu, nikakumbuka Loliondo. Mwaka 2011 magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi kwenda Samunge kunywa kikombe cha Babu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Wasomi walikwenda, mawaziri walikwenda. Kuamini dawa si ugonjwa wa asiyesoma. Ni jambo la anayeumwa.

Tena Kiswahili kilishalijua hili kabla yetu. Wazee walikuwa na chuku, ile pembe ya kuumikia, inayobandikwa mahali panapouma na kufyonzwa ili itoe "damu chafu". Lakini kupiga chuku ni kutia chumvi pia, kukuza habari kuliko ilivyo. Tiba na maneno ya mtu anayekuza jambo vimekaa kwenye neno moja. Mimi na mkanda wangu nilikuwa napiga chuku za aina zote mbili.

Turudi kwa rafiki yangu. Siku moja tukiwa mazoezini Kasulu alisukumwa, akaanguka, akajikinga kwa kiganja. Kifundo cha mkono kikauma, hasa kwenye kishimo kinachotokea chini ya kidole gumba ukikinyoosha. Uvimbe haukuwa mkubwa. Vidole vilicheza. Akaniuliza aende hospitali? Nikamwambia, na maneno haya nayakumbuka: "Tafuta sumaku kwanza, utaniambia." Akanunua bangili. Yake ilikuwa ya kweli, tuliijaribu baadaye ikainua misumari miwili. Akaivaa miezi minne. Siku nyingine alisema afadhali, na mimi nikafurahi.

Alipokwenda kupiga eksirei, kimfupa kidogo cha kifundo kilikuwa kimevunjika na hakijaunga. Daktari alitueleza kwamba kimfupa hicho ni kigumu kutibika, kwa kuwa damu inakifikia kwa njia nyembamba. Kikivunjika, sehemu moja inaweza kukosa damu na kufa. Kinatakiwa kufungwa POP mapema, na hata eksirei ya siku ya kwanza inaweza isikionyeshe, ndiyo maana mgonjwa huambiwa arudi baada ya wiki mbili. Mapema. Neno hilo daktari alilisema taratibu, bila kumlaumu mtu. Rafiki yangu alifanyiwa upasuaji mbali na nyumbani, kwa pesa za kuchangishana. Yeye ni seremala. Leo hawezi kushika randa asubuhi nzima. Hajawahi kunilaumu. Angenilaumu ingekuwa nafuu.

Kwa hiyo ukiniuliza kama sumaku inafanya kazi, jibu langu lina hadithi mbili. Sumaku isiyo sumaku "ilinitibu" mimi, na sumaku halisi haikumtibu yeye. Mimi nilikuwa na jeraha la kupona lenyewe, yeye alikuwa na la kutopona lenyewe, na hakuna bangili duniani inayojua kutofautisha.

Hata yule tuliyemtazama vibandani alilijua hili. Mwaka 1970 Bruce Lee aliumia vibaya mgongo akinyanyua vyuma. Hakupona kwa siri ya Mashariki. Alilala miezi, akasoma, akajaza madaftari, kisha akarudi mazoezini polepole. Sehemu ya maandishi hayo iliingia kwenye kitabu kilichotolewa mwaka 1975, yeye akiwa ameshakufa. Kibanda cha video hakikutuonyesha mwanaume huyo aliyelala. Kilituonyesha mateke tu.

Mwezi uliopita nilipita tena Kibondo. Ukishaipita Makere barabara inaendelea kupanda na kushuka, na mimi njia nzima nilikuwa natunga hotuba. Nilimkuta sensei anamfunga binti mmoja kifundo cha mguu. Nikamwamkia, nikakaa, nikamsimulia vifungo nane na sindano, kisha mkono wa seremala. Alinyamaza muda mrefu.

"Sasa mdogo wangu, hawa niwape nini? Hospitali wanaogopa gharama."

Nikamwambia aendelee kuwafunga vizuri, kwa kitambaa chochote, na awapumzishe kama alivyonipumzisha mimi. Lakini mtu asiyeweza kukanyaga hatua nne, au anayeumwa chini ya kidole gumba baada ya kuangukia kiganja, au maumivu yasiyopungua ndani ya wiki, huyo aende siku hiyohiyo, na sensei mwenyewe amsindikize, maana wakiambiwa na yeye wataamini.

Akamgeukia yule binti.

"Simama. Kanyaga."

Binti akakanyaga hatua moja, akakunja uso. Ya pili akashika ukuta. Sensei akaniangalia, akaingiza mkono mfukoni kutafuta simu, akampigia bodaboda.